Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Nataka katika kurasa hizi kuhakiki aina ya maandishi ambayo wahakiki wetu hawaigusi: vijitabu vya kumwelekeza mtu anayeanza kufuga samaki katika tangi la kioo. Yupo atakayeuliza mwalimu mstaafu wa Songambele, huku vilimani, ana shughuli gani na jambo hilo. Jibu langu ni fupi. Kijitabu cha maelekezo ni andalio la somo kama maandalio mengine. Kina mwanafunzi, kina lengo, kina hatua, na mwisho kina mtihani. Ila katika mtihani huu anayefeli ni mfugaji na anayekufa ni samaki. Ndiyo sababu naona kijitabu cha namna hii kinastahili kusomwa kwa jicho kali kuliko hata riwaya.

Nimevisoma vitabu hivi kwa sababu ya kazi. Katika chuo cha ualimu, tangi la samaki huhesabiwa miongoni mwa zana za kufundishia sayansi, na mwanachuo huhimizwa alitengeneze mwenyewe akifika shuleni kwake. Vitabu vinavyomfikia ni vya Kiingereza kwa sehemu kubwa, vimeandikwa Ulaya na Marekani, na hata maelekezo ya Kiswahili mara nyingi ni tafsiri ya hayo hayo. Siku hizi matangi yameonekana pia katika mahoteli, maduka na vyumba vya kusubiri wagonjwa, na wanaoyanunua hupewa ushauri ule ule kwa mdomo. Basi ushauri huu una wafuasi wengi kuliko tunavyodhani, na ni haki tuupime.

Nianze na chanzo chake. Mwaka 1850 Mwingereza Robert Warington, aliyekuwa mwanakemia, alitangaza matokeo ya jaribio lake la kuweka samaki, mmea wa majini na konokono katika chombo kimoja. Alieleza kwamba viumbe hao hutegemeana: mmea humpa samaki oksijeni, samaki huulisha mmea kwa uchafu wake, konokono hula majani yaliyooza. Mwaka 1853 Bustani ya Wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa ajili ya umma, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kilichoeneza neno akwariamu. Tangu hapo picha ya tangi lenye mizani, yaani tangi linalojitosheleza bila kuguswa, imeingia katika vitabu vya shule ulimwenguni kote. Sisi nasi tumeichora ubaoni, mishale ikienda huku na huku.

Picha hiyo ni nzuri kwa kufundishia kanuni, lakini ni mwongozo mbaya wa kufugia. Kanuni ni kweli. Vipimo ndivyo vinavyopotosha. Usiku mmea hautoi oksijeni, bali huitumia kama samaki anavyoitumia. Katika tangi dogo, oksijeni nyingi huingia kupitia uso wa maji, mahali maji yanapokutana na hewa. Kwa hiyo swali la kwanza la mfugaji lingepaswa kuwa: uso wa maji yangu una upana gani? Tangi pana na fupi ni bora kuliko refu na jembamba lenye ujazo ule ule. Na lile bakuli la duara, lenye tumbo kubwa na shingo ndogo, ambalo picha yake imepamba majalada mengi, ndicho chombo kibaya kuliko vyote. Likijazwa hadi shingoni, uso wa maji unabaki kama wa kikombe, na samaki wa dhahabu anayewekwa humo ana uwezo wa kukua hadi sentimita 20 na zaidi. Mwandishi anayeonya dhidi ya bakuli katika ukurasa wa ndani huku akiliweka kwenye jalada amefuta kwa mkono wa kushoto alichoandika kwa mkono wa kulia.

Hapa kwetu jambo hilo lina uzito zaidi, na sijaona kijitabu kinacholitaja. Kadiri unavyopanda juu, hewa hupungua nguvu. Kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako ndiko viliko vilima vyetu vingi vya Karagwe na Kyerwa, mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na pwani, na oksijeni inayoweza kuyeyuka katika maji hupungua kwa kiasi hicho hicho. Joto nalo hupunguza: maji safi ya nyuzi 20 za Selsiasi yaliyo usawa wa bahari hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 hubeba 7 na nusu tu. Tangi likiwekwa dirishani penye jua la mchana huku juu, samaki amepunjwa mara mbili. Kwa hiyo idadi ya samaki ambayo kitabu cha London kinaruhusu, sisi tuipunguze.

Idadi yenyewe hutolewa kwa kanuni mashuhuri: inchi moja ya samaki kwa kila galoni moja ya maji. Kanuni hii inapendwa kwa kuwa ni fupi na inakaririka. Mimi naipinga kama mwalimu wa hesabu. Tuchukue tangi la kawaida, urefu sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Ujazo wake ni lita 54, sawa na galoni 14 za Marekani, na kwa kanuni ile linaweza kuwa na inchi 14 za samaki, yaani sentimita 35 hivi. Basi weka samaki saba wa sentimita 5 kila mmoja. Hapana ubaya. Sasa watoe, weka sato mmoja wa sentimita 35. Kanuni inasema hali ni ile ile. Lakini kitu kikirefuka mara saba bila kubadili umbo, uzito wake huongezeka mara saba, kwa saba, kwa saba, yaani mara 343. Sato huyo mmoja ana uzito kama wa samaki wadogo 343, nawe ulikuwa na saba tu. Amekuwa mzigo mara 49 ya mzigo wa mwanzo, na hata kugeuka hawezi, kwa kuwa tangi lina upana wa sentimita 30. Kanuni isiyoweza kupita mtihani wa darasa la sita haifai kuwa msingi wa ufugaji.

Tuje kwenye mpangilio wa somo. Vijitabu vingi huanza na picha za samaki: wa bluu, wa mistari, wa mapezi kama kanga inayopepea. Baada ya hapo huja vifaa, kisha mimea, na sura ya maji huja kama nyongeza. Huo ni mpangilio wa duka, kwa sababu duka huuza samaki na vifaa, maji haliuzi. Msomaji ananunua tangi na samaki siku moja, anajaza maji, anawamimina, na juma la pili wanaanza kufa. Anarudi dukani, anaambiwa ni bahati mbaya, ajaribu tena.

Bahati haihusiki. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake na katika kinyesi, na chakula kisicholiwa kikioza hutoa amonia pia. Amonia ni sumu kwake. Katika tangi lililokomaa, bakteria wa namna moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwa kuwa huiharibu damu ya samaki ikashindwa kubeba oksijeni. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Bakteria hao hawaonekani, hawauzwi pamoja na tangi, na huhitaji kama majuma manne hadi sita kuzaliana hata watoshe. Maji yakiwa ya baridi, kama yalivyo kwetu Juni na Julai, hukawia zaidi.

Vitabu vizuri hulieleza jambo hili, tena kwa usahihi. Kosa lao ni la ufundishaji: hulieleza kwa mchoro wa kemia unaomtisha anayeanza. Mwalimu wa Karagwe hahitaji mchoro huo. Muulize bibi yeyote wa hapa kwa nini kibuyu kipya hakigandishi maziwa vizuri kama kikuukuu. Atakwambia kibuyu cha zamani kina mbegu yake ndani. Ukikisugua kwa sabuni kali na maji ya moto, umeiua mbegu, na itakubidi uanze upya. Tangi la samaki ni kibuyu. Mchanga, mawe na sponji ya kichujio ndimo mbegu inamokaa. Ukitaka kuanza haraka, omba kipande cha sponji chenye uchafu wake, au mkono mmoja wa kokoto, kutoka kwa mwenye tangi lenye afya. Na sponji ikiziba, ikamulie katika ndoo ya maji yaliyotoka tangini, usiioshe kwa maji ya bomba yenye klorini. Maelezo hayo yanatosha, na msomaji hatayasahau, kwa sababu tumemtoa kwenye analolijua tukampeleka kwenye asilolijua. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza tuliyowafundisha walimu, na ndiyo ambayo vitabu hivi huivunja mara nyingi kuliko zote.

Kwa asiye na vipimo vya dukani, njia ipo. Jaza tangi, panda mimea inayokua haraka, tia punje chache za chakula kila siku kana kwamba samaki wamo, na usubiri. Baada ya majuma sita weka samaki wawili au watatu wadogo. Kila siku ya pili badilisha robo ya maji kwa majuma mawili. Ukiwaona wanahemea juu ya maji ingawa tangi lina nafasi na hewa, shuku nitriti, ongeza kubadilisha maji na punguza chakula. Wakitulia, ongeza wengine mmoja mmoja.

Nimetaja maji ya bomba, nami najua nyumba nyingi huku hazina. Hapa vitabu vya nje vinatuacha peke yetu. Vinadhani kila maji hutoka ukutani yakiwa na klorini, na dawa yake ni kuyaacha ndooni siku nzima, au kutia dawa ya chupa. Sisi tunakinga mvua. Maji ya mvua ni mepesi mno, hayana madini ya kutosha kuzuia asidi isipande, na yakikaa tangini miezi kadhaa hubadilika ghafla bila macho kuona. Mabati mapya yana zinki, nayo zinki ni sumu kwa samaki, zaidi katika maji mepesi kama hayo. Basi usitumie maji ya paa jipya, usikinge mvua ya kwanza baada ya kiangazi, na changanya maji ya mvua na ya chemchemi au kisima. Vipande vichache vya mawe ya chokaa ndani ya tangi husaidia. Nasema mawe, si chokaa ya kupaka ukutani, ambayo huua upesi. Anayetamani samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao wamekuwa wakisafirishwa kwa wafugaji wa ng'ambo kwa miongo mingi, ajue kwamba maji ya ziwa lile ni mazito kwa madini na kipimo chake cha pH kinakaribia 9. Kumleta samaki huyo kwenye maji ya mvua ni kumhukumu kifo cha polepole.

Lipo pia kosa la kudhani kwamba Afrika yote ni joto. Waandishi kadhaa huandika kwamba katika nchi za tropiki kifaa cha kupasha maji hakihitajiki. Wangelala usiku mmoja wa Julai hapa Songambele wangeifuta sentensi hiyo. Samaki wengi wa mito ya Amazoni hutaka nyuzi 24 hadi 28. Hata tukikinunua kifaa hicho, umeme hukatika, na samaki anayeishi kwa kutegemea waya hana usalama katika kijiji ambacho taa huzimika bila kuaga. Ushauri wangu ni kumchagua samaki anayeyafaa maji tuliyo nayo. Kununua mashine za kuyageuza maji yamfae samaki tuliyemwona pichani ni gharama isiyo na mwisho.

Ziko hatari nyingine ambazo mwandishi wa Ulaya hawezi kuzijua, na mfasiri alipaswa kuziongeza. Vyandarua vyetu vina dawa ya jamii ya pairethroidi. Dawa hiyo ni salama kwa mtoto anayelala ndani, ila humwua samaki kwa kiasi kidogo ajabu. Usikate chandarua ukatengeneza wavu wa kuvulia samaki tangini, na ukipuliza dawa ya mbu chumbani, funika tangi na uzime pampu ya hewa. Bomba la kunyunyizia kahawa lisichote maji ya samaki hata likioshwa mara kumi. Gundi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya bafu mara nyingi huwa na dawa ya kuzuia ukungu, kwa hiyo fundi wa vioo aambiwe mapema kwamba tangi ni la viumbe hai. Konokono na mimea ya kinamasi huweza kuleta kichocho, kwa kuwa vimelea vyake hutoka kwa konokono fulani na kupenya ngozi ya mkono unaoingia majini. Mwalimu asiwatume watoto mtoni kutafuta magugu ya tangi. Mto Kagera una mamba na viboko pia, nao hawasomi andalio la somo.

Kuhusu chakula, vitabu vyote vinakubaliana, nami nakubaliana navyo: kidogo, mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachomalizika ndani ya dakika mbili au tatu. Hata hivyo ushauri huu huvunjwa kwetu kuliko mwingine wowote, na kitabu hakijui kwa nini. Sisi tumelelewa kwamba kumpenda kiumbe ni kumlisha. Mgeni hulishwa hadi akatae, na hata akikataa huongezewa kidogo. Samaki hakatai. Kila ajaye sebuleni hutia chembe ya mkate, na kwa kila chembe anadhani ametenda wema. Mwandishi wa Kiswahili angeliandika somo hili kwa kuanzia hapo, katika ukarimu wetu, aoneshe kwamba kwa samaki chakula kinachobaki ndicho kinachogeuka sumu. Angeongeza kwamba samaki mzima mwenye afya hafi kwa kukosa chakula siku mbili za safari, na jirani asiachiwe kopo zima.

Nisiwe hakimu wa upande mmoja. Vitabu hivi vina sifa ambazo vitabu vyetu vingi vya maelekezo havina. Humfundisha msomaji kuandika daftari: tarehe, joto, maji yaliyobadilishwa, samaki aliyeugua. Humfundisha kubadilisha robo ya maji kila juma kwa utaratibu, bila kungoja yanuke. Humfundisha kumtenga samaki mpya kwa majuma kadhaa kabla ya kumchanganya na wengine, jambo ambalo wafugaji wetu wa kuku wangefaidika nalo. Zaidi ya yote hufundisha saburi. Mtoto aliyesubiri majuma sita mbele ya tangi tupu kwa kuwa anajua kuna kinachoendelea humo amepata elimu ambayo hakuna mtihani unaoipima.

Lakini upo ukimya mmoja ambao siwezi kuusamehe. Vijitabu vingi vya wanaoanza hueleza jinsi ya kumpata samaki, na havisemi afanyeje mtu asipomtaka tena. Samaki amekua mno, mwenye nyumba anahama, shule inafungwa. Mtu mwenye huruma atafanya nini? Atambeba kwenye ndoo, ampeleke mtoni, amwachie huru, arudi nyumbani akiwa na moyo mweupe.

Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kuelezwa matokeo yake kwa nadharia. Sangara hakuwa wa Ziwa Victoria. Aliletwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa upande wa Uganda, kwa nia ya kukuza uvuvi, ingawa mtaalamu Geoffrey Fryer alikwisha kuonya kwa maandishi mwaka 1960. Kwa miaka ishirini palionekana shwari. Katika miaka ya 1980 sangara wakajaa, na furu, wale samaki wadogo waliokuwa na aina zipatazo 500 katika ziwa hilo peke yake, wakatoweka mbele ya macho ya wavuvi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa wakifanya kazi Mwanza pamoja na wenyeji tangu miaka ya 1970 walikadiria kwamba aina 200 hivi zilipotea. Sangara ameleta viwanda, fedha na ajira, hilo sikatai. Ninachosema ni kwamba samaki akishaingia ziwani, hakuna mwenye uwezo wa kumwita arudi.

Gugumaji ni mfano ulio karibu zaidi na mada yangu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na limeenea duniani kwa sababu watu walilipenda ua lake, wakalipanda katika mabwawa ya mapambo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana Ziwa Victoria, na njia yake kuu ilikuwa Mto Kagera, ukilishusha kutoka Rwanda. Mto huo ndio mpaka wetu wa magharibi hapa Kyerwa. Kitu kinachotupwa kwenye vijito vyetu kina barabara ya maji hadi ziwani. Gharama ya ua la bwawani imelipwa na wavuvi wasioweza kuingiza mitumbwi yao.

Kwa hiyo kijitabu kisicho na sentensi kubwa, ukurasa wa kwanza, isemayo usimwachie samaki wa tangi mtoni wala ziwani, nakihesabu kuwa kimefeli, hata kama sura zake nyingine ni safi. Samaki asiyetakiwa apewe mfugaji mwingine. Sato aliyekua aliwe. Mimea ikaushwe juani hadi ife kabisa, kisha ifukiwe. Maji machafu yamwagwe shambani. Migomba huyapenda, kwani nitrati ile tuliyoisema ni mbolea. Na anayetaka kuchukua samaki wa pori kwa ajili ya tangi amwone kwanza afisa uvuvi wa wilaya, maana uvuvi una Sheria yake ya mwaka 2003, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyoanzishwa mwaka 2019, hakuna ruhusa ya kujichukulia.

Limebaki jambo la lugha. Kiswahili cha dukani kinawaita viumbe hawa samaki wa mapambo. Neno hilo linanikera. Pambo halili, halihemi, na likivunjika hununuliwa lingine. Kiswahili kina neno bora, nalo ni kufuga. Mtu hafugi mbuzi kabla ya kujua atalala wapi na atakula nini. Tukisema kufuga, wajibu umo ndani ya neno. Tukisema mapambo, tumejiondolea wajibu kabla hatujaanza, na vifo vya juma la pili vinageuka kuwa gharama ya kawaida.

Tena neno mapambo linatunyima lililo bora katika shughuli hii. Kitabu cha kigeni humwanzisha msomaji kwa samaki wa dhahabu wa China. Chetu kingemwanzisha kwa samaki anayemjua kwenye sahani. Mama sato huyatunza mayai yake mdomoni, na furu jike hufanya hivyo hivyo. Mtoto akiliona jambo hilo kwa macho yake hatalisahau hadi uzee. Wapo samaki wadogo wa vidimbwi vya msimu, jamii ya Nothobranchius, ambao mmoja wao ni wa Unguja. Kidimbwi kikikauka wazazi hufa, mayai hubaki kwenye udongo mkavu, na mvua ikirudi huanguliwa. Wafugaji wa Ulaya hutumiana mayai hayo kwa posta, huku mwanafunzi wa Tanzania hajapata kusikia habari zake. Na baadhi ya furu waliokuwa hatarini ziwani walihifadhiwa kwa miaka katika matangi ya Ulaya na Marekani, na watu waliojifunza kazi hiyo kwanza kama wanaoanza, kwa sponji na ndoo.

Hukumu yangu basi ni hii. Vijitabu tulivyo navyo vinajua samaki vizuri, vinajua maji kiasi, na havimjui msomaji wa hapa hata kidogo. Kinachohitajika ni kitabu chembamba cha Kiswahili, kiandikwe na mwalimu pamoja na afisa uvuvi, kianze na maji ya mvua na kibuyu, kipite kwa sato na furu, na kitangulize onyo la mto. Kurasa arobaini zinatosha. Walimu vijana walio kazini wana uwezo wa kukiandika, na tangi la kukijaribia halizidi lita 54.